Dawa za mwanga: dawa ilipona, wenye hisa hawakupona

NI rahisi kuuziwa hisa za kampuni ya dawa kwa hadithi nzuri, na hadithi ya dawa zinazoamshwa na mwanga ni nzuri kweli.

Mgonjwa hupewa dawa ambayo peke yake haina makali. Daktari akimulika uvimbe au ngozi yenye ugonjwa, dawa hutumia oksijeni iliyomo mwilini kuua seli zilizomulikwa. Kasoro ni kwamba nyingi haziyeyuki vizuri katika maji, tena husambaa hadi kwenye ngozi nzima. Aliyepewa Photofrin, iliyoruhusiwa Canada mwaka 1993, hutakiwa kukwepa jua kwa siku 30 au zaidi.

Ndiyo sababu watafiti wanatengeneza chembe ndogo mno za kubebea dawa, kwa polima zile zile za nyuzi za kushonea majeraha zinazoyeyuka zenyewe. Matokeo ya maabara yanatia moyo. Lakini maabara hailipi gawio.

Mtu akikuletea waraka wa hisa za namna hii, muulize mambo mawili: dawa imeruhusiwa wapi, na mgonjwa ana tiba gani nyingine?

Scotia ya Uskoti ilikwama kwenye swali la kwanza. Foscan, dawa yake ya kansa ya kichwa na shingo, ilikataliwa Marekani mwaka 2000. Januari 2001 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Oktoba mwaka huo huo, Ulaya ikairuhusu Foscan!

QLT ya Vancouver ilikwama kwenye la pili. Visudyne, iliyofungwa katika vifuko vidogo vya mafuta, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, si kwa kansa bali kwa ugonjwa wa macho unaopofusha wazee. Mauzo yakapaa. Mwaka 2006 ikaja Lucentis, sindano ya jicho iliyowarudishia wagonjwa wengi sehemu ya uwezo wa kuona, na wanunuzi wakahama. Mwaka 2012 QLT ikaiuzia Valeant haki za Visudyne kwa malipo ya awali ya dola milioni 112.5.

Waliobaki kwenye ngozi, ambako taa hufika bila taabu, walitoka salama zaidi. DUSA ya Marekani, yenye dawa ya magamba yanayoletwa na jua, ilinunuliwa mwaka huo huo na Sun Pharma ya India kwa dola 8 kila hisa, jumla yapata dola milioni 230.