Elimu ya Kuufungua Mkono Uliofumba

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya elimu moja ambayo wengi wetu tumeisikia kwa sifa yake mbaya tu. Ukitaja upasuaji wa kurekebisha maumbile, mtu wa Ngamiani au wa Pangani hudhani ni mambo ya matajiri wa ng'ambo wanaonyoosha pua zao ili wapendeze. Hayo yapo, wala hatuyakanushi. Lakini huo ni upande mmoja tu; upande wa pili unatuhusu sisi na watoto wetu.

Nitaanza kwa kisa kilichotokea chuoni kwangu, na kosa lililomo ndani yake ni langu mwenyewe.

Alikuwako mtoto wa kike wa miaka sita. Mama yake alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, mtoto akateleza, mkono wake wa kulia ukaingia katika karai la mafuta. Kidonda kilipona, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini kovu likawa linavuta kidogo kidogo, hata vidole vikajikunja, vikagusa kiganja, vikabaki kama ngumi. Alipofika kuandika alifu na bee, hakuweza kushika kalamu. Mama yake akaniuliza, "Maalimu, tufanyeje?" Nami nikamjibu, "Subira, mama. Hii ni kudura." Miaka miwili ikapita kwa neno langu hilo.

Siku ya Idi akaja kunipa mkono kijana niliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni daktari anayejifunza upasuaji. Akamwona mtoto yule akipokea haluwa kwa mkono wa kushoto. Akaniambia kwa adabu, "Niwie radhi, maalimu. Mkono huu si wa kusubiriwa, ni wa kupelekwa hospitali." Nikainamisha uso.

Na kwa nini nisione haya? Mimi ndiye ninayewasomesha watoto kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu. Ndiye ninayekijua kisa cha Arfaja bin Asaad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akatengeneza pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa ilikuwa ni kuondoa dhara, si kutafuta urembo. Basi kurudisha kilichoharibika si sawa na kubadili umbo kwa kiburi.

Tena elimu hii si ngeni kwetu. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha makala 30, na makala ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo vipatavyo 200. Katika karne ya 12 makala hiyo ya upasuaji ilitiwa katika Kilatini, nao Wazungu wakaisoma karne nyingi.

Na karibu nasi zaidi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mnamo mwaka 1956 walikutana mabingwa watatu wa upasuaji huu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili kule Uingereza. Kwa shauri lao ikaanzishwa, mwaka 1957, huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo ni AMREF.

Sasa, kazi yenyewe hufanywaje? Kijana wangu alinieleza hivi. Kovu la moto husinyaa. Daktari hulikata akavinyoosha vidole, na hapo huonekana pengo lisilo na ngozi. Basi huchukua utando mwembamba wa ngozi ya paja akaulaza juu ya pengo. Siku za mwanzo ngozi ile haina damu. Huishi kwa unyevu wa jeraha, kisha mishipa midogo huingia ndani yake. Yapata siku ya tano hufunguliwa bendeji ikatazamwa. Paja nalo hupona lenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa kuwa mizizi ya ngozi imebaki. Baadaye mkono hufungwa gango na kufanyishwa mazoezi kwa miezi, la sivyo utafumba tena.

Kujifunza haya si kazi ya siku moja. Hapa Tanzania kijana husoma udaktari miaka 5 katika chuo kikuu, akafanya kazi mwaka 1 chini ya wakubwa wake. Akifuata njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha nchi zetu kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, husoma miaka 2 ya msingi wa upasuaji, kisha miaka 3 ya fani hii. Chuo hicho hakina majengo ya madarasa. Mwanafunzi husomea katika hospitali, kando ya bingwa, akiandika daftarini kila upasuaji alioushiriki. Je, si ndivyo tulivyosoma chuoni, goti kwa goti na mwalimu?

Mabingwa hawa bado ni wachache mno. Basi enyi vijana, wa kiume na wa kike, someni hesabu na sayansi pamoja na Kurani yenu.

Nanyi wazazi, mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mkampeleke hospitali. Akizaliwa mwenye mdomo wa sungura, msimfiche. Mdomo hushonwa tangu miezi mitatu hivi, akiwa na afya. Anzeni Bombo, na ikihitajiwa rufaa kuna KCMC ya Moshi, hospitali ya kanda yetu tangu mwaka 1971.

Mtoto wetu alipasuliwa. Kidole chake cha mwisho hakikunyooka sawasawa, maana tulichelewa, nami ndiye niliyewachelewesha. Lakini anaandika, na hupokea kwa mkono wa kulia. Ubao wake wa kwanza nimeuweka ukutani, niutazame kila nitakapotaka kumwambia mtu asubiri.

Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.