Kikomo cha Nguvu na Kikomo cha Mkondo

Katika kuipitia tafsiri moja ya maelekezo ya kompyuta, iliyokusudiwa mafundi wa Handeni na Korogwe, tuliona neno "nguvu" limetumiwa kwa vikomo viwili: kile kipimwacho kwa wati na kile kipimwacho kwa ampea. Fundi aliyeifuata angeweza kuandika wati 120 mahali pa ampea.

Msemaji wa kawaida hana kosa. Mtu wa Handeni akisema "leo umeme mdogo", akusudiacho ni kupungua kwa volti, na jirani yake humwelewa mara moja, hasa mwenye mashine ya kusaga. Mwandishi wa maelekezo ya kitaalamu hana ruhusa hiyo.

Tutazame kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilichoanza mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Wingi wa maji ya mto Pangani yapitayo kwa sekunde ni mfano wa mkondo. Kimo cha mwanguko ni mfano wa volti. Nguvu hutokana na kuzidisha hivyo viwili. Kwa hiyo maji mengi yenye mwanguko mfupi yaweza kutoa nguvu sawa na maji machache yaangukayo kutoka juu sana.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Wati 120 zikitoka ukutani kwa volti 230 ni kama nusu ampea tu. Zikiingia katika prosesa kwa volti 1.2 ni ampea 100. Kikomo cha nguvu huzuia joto lisizidi; kikomo cha mkondo huzilinda saketi ziipatiazo prosesa umeme. Anayezidisha mapigo ya prosesa kupita kiwango cha mtengenezaji mara nyingi huongeza na volti. Volti zikiongezwa kwa asilimia 10, hata mapigo yasipobadilika, nguvu itumikayo hupanda kwa karibu asilimia 21. Akiinua kikomo cha wati na kusahau cha ampea, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, naye hudhani kompyuta ni mbovu.

Tunashauri basi "kikomo cha nguvu" kwa wati na "kikomo cha mkondo" kwa ampea. "Kikomo cha umeme", ambacho watumishi wa ofisini wanakipenda mno, kiachwe, kwani hakielezi kinachopimwa. Na kila tarakimu iandikwe pamoja na kipimo chake.