Kinga ya fukusi imo ndani ya punje

MKULIMA wa maharage asiye na ghala la uhakika huuza mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini. Anajua kuwa akingoja miezi michache atafungua gunia na kukuta vumbi na punje zenye matundu.

Fukusi wanaofanya uharibifu huo wako wa aina mbili. Mmoja hutaga mayai juu ya punje ghalani. Mwingine, msumbufu zaidi, huanza maharage yakiwa bado shambani, hivyo mkulima humbeba mwenyewe hadi nyumbani.

Katika miaka ya 1980 watafiti walieleza protini iitwayo aselini, iliyopatikana katika maharage mwitu ya Mexico. Funza wa fukusi anayeila hufa au hudumaa. Mlaji asihofu, kwani maharage yakichemka vizuri protini hiyo huharibika.

Kilichowapa moyo wataalamu ni namna sifa hiyo inavyorithiwa. Huamuliwa na sehemu moja tu ya vinasaba, na mzazi mmoja akiwa nayo inatosha. Yakichanganywa maharage mwitu na ya kawaida, kizazi cha kwanza chote huwa na kinga. Katika kizazi cha pili, kwa wastani wa punje nne, tatu huwa nayo na moja huikosa.

Kazi ngumu huanzia hapo. Kati ya hizo tatu, ni moja tu itakayozaa wenye kinga watupu. Mbili zitatoa mchanganyiko tena. Na macho hayasaidii: ngozi ya punje na rangi yake hutokana na mmea mama, lakini protini imo katika nyama ya punje, ambayo ni kizazi kipya. Punje mbili za rangi moja, za ganda moja, zaweza kutofautiana. Ndiyo maana maabara hukata kipande kidogo cha punje na kukipima, kisha hupanda kilichobaki.

Aselini haimwezi sana yule fukusi wa shambani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzao wa Oregon, Marekani, walichukua kinga kutoka maharage mwitu aina ya tepari na kuiingiza katika Rojo, maharage mekundu yaliyozoeleka nchini. Mbegu mama moja ya kazi hiyo ilisajiliwa mwaka 2016.

Maharage hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu yenye kinga iliyokwisha kutulia huweza kutunzwa msimu hadi msimu, tofauti na mahindi chotara. Sharti ni moja: isichanganywe na ya sokoni.