Kupasuka, Kukatwa na Kubanduka: Kiswahili Mbele ya Sayansi ya Utengano

Utangulizi

Mwanafunzi anayefasiri matini za sayansi kutoka Kiingereza hukutana na neno moja linalotumika katika taaluma mbili zilizo mbalimbali. Mwanajiolojia hulitumia kueleza jinsi fuwele za madini zinavyotengana. Mwanabiolojia naye hulitumia kueleza jinsi kimeng'enya kinavyoitenganisha DNA. Mfasiri mwenye haraka hutafuta neno moja la Kiswahili alipachike kotekote. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kufanya hivyo ni hasara. Vitenzi vyetu hubainisha jambo ambalo neno hilo la Kiingereza hulificha: ni nini kinachoamua mahali kitu kitakapotengania?

Kupasuka kwa fuwele

Tuanze na kuni. Mswahili hukata mti, lakini hupasua kuni. Anayekata huuvuka uzi wa mti kwa nguvu ya chombo chake. Anayepasua huufuata uzi huo, na mti wenyewe humwonyesha njia. Hivyo ndivyo ilivyo katika fuwele. Atomu za fuwele zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, na katika pande fulani kani zinazoziunganisha ni hafifu kuliko katika pande nyingine. Ukiigonga fuwele ya chumvi, hupasuka katika pande tatu zenye pembemraba, ukapata vijiboksi vidogo vinavyofanana na fuwele ya awali. Ulanga una tabaka imara zilizoshikizwa pamoja kwa kani dhaifu. Kwa hivyo huambuka jani baada ya jani, kama ganda la mgomba. Kioo nacho hakina mpangilio wa namna hiyo. Kikianguka huvunjika ovyo, na vigae vyake havina umbo maalumu.

Hata almasi, iliyo ngumu kuliko madini mengine ya kawaida, ina pande nne inamokubali kupasuka. Almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na uzito wa karati 3,106, ilipasuliwa mjini Amsterdam mwaka 1908 na Joseph Asscher. Fundi huyo aliichunguza kwanza, akachonga mfuo, kisha akaweka ubao wa chuma na kuupiga. Pigo lilikuwa lake. Njia ilikuwa ya almasi.

Kukatwa kwa DNA

Katika DNA hali ni nyingine. Uzi wa DNA ni mrefu, na viungo vya uti wake vina nguvu zinazokaribiana. Hakuna mahali panapojitangaza kuwa dhaifu. Anayeamua ni kimeng'enya, na huamua kwa kusoma. Kimeng'enya kiitwacho EcoRI, kitokacho katika bakteria wa Escherichia coli, hutafuta herufi sita, GAATTC, na kukata kati ya G na A. Mfuatano huo una sifa itakayomvutia mwanaisimu: ukisomwa kwenye uzi wa pili kwa mwelekeo wa kinyume, ni uleule, mithili ya neno "ada" lisomekalo sawa mbele na nyuma. Kwa hiyo nyuzi zote mbili hukatwa, lakini si mkabala, na kila upande hubaki na ncha ya herufi nne inayotafuta mwenzake.

Bakteria huvitumia vimeng'enya hivi kujikinga na virusi. DNA yake mwenyewe huitia alama za kikemia ili isikatwe. Kwa ugunduzi na matumizi ya vimeng'enya vya aina hii, Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans walituzwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Ujuzi huo wa kukata na kuunga jeni ndio uliowezesha insulini ya binadamu kutengenezwa ndani ya bakteria. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982.

Hapa kauli ya kitenzi ina uzito. DNA iliyopigwa na mionzi hukatika. Iliyokutana na EcoRI hukatwa. Kauli ya kutendeka haimtaji wala haimdokezi mtenda. Kauli ya kutendwa humdokeza hata asipotajwa.

Kubanduka kwa nyuzi

Kuna utengano wa tatu. DNA ikipashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi, nyuzi zake mbili huachana, kwa kuwa kani zinazozishikanisha ni dhaifu kuliko viungo vya uti. Hakuna herufi inayopotea, na joto likishuka nyuzi hushikana tena. Mbinu ya kunakili DNA aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, iliyokuja kutumiwa sana kupima virusi vya korona, husimama juu ya jambo hili. Kitenzi kinachofaa ni kubanduka, kwa sababu kilichobanduliwa kinaweza kubandikwa tena: ni kauli ya kutendua, kama fungua kwa funga na zibua kwa ziba. Linganisha na pasua. Umbo lake lafanana na la kutendua, lakini hatuna leo kitenzi hai cha kinyume chake. "Pasa" ya sasa ina maana nyingine kabisa. Kilichopasuka hakina kitenzi cha kukirudisha.

Hitimisho

Mfasiri akiandika kwamba DNA "hupasuka" inapopashwa moto, msomaji atadhani jeni zimeharibika. Akiandika kwamba "hukatika" mbele ya kimeng'enya, msomaji hatajua kwamba kuna msomaji mwingine, mdogo ajabu, aliyechagua mahali. Makosa hayo si ya mtindo. Ni ya sayansi yenyewe. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha wana haki ya kudai zaidi, na kazi ya kuziunda ingalipo. Hata hivyo, kabla ya kukopa au kubuni, yatupasa kwanza kuuliza kitu kinatengana vipi na kwa uamuzi wa nani. Mara nyingi mpasua kuni na mbandua karatasi wamekwisha kutupa jibu.