Duka lako halishiki waifai? Angalia waya wa dishi uliosahaulika ukutani



Wengi wetu duka liko mbele, nyumba iko nyuma. Ruta ya intaneti inakaa sebuleni. Waifai mpaka ifike dukani imeshapita kuta mbili tatu za tofali na mlango wa chuma, inafika imechoka. Mteja kasimama na simu yake anasubiri umprintie fomu iliyo kwenye imeili, wewe unazunguka na laptopu kutafuta neti. Akiondoka huyo, kesho anaanzia duka la jirani.

Dawa inayojulikana ni kuvuta waya wa kawaida wa mtandao kutoka kwenye ruta. Kama nyumba ni yako na kutoboa ukuta si tatizo, fanya hivyo. Ni rahisi zaidi, na waya huo unafika mita 100. Leo naongea na mpangaji: mwenye nyumba hataki tundu hata moja, lakini ndani ya ukuta umepita waya wa dishi ulioachwa na aliyekaa kabla yako. Mimi nina duka la stationari kwenye nyumba ya namna hiyo. Niliomba ruhusa ya kuutumia ule waya, na ndio unaoleta intaneti mpaka kwenye kaunta yangu.

INAVYOFANYA KAZI

Waya wa dishi una uzi mmoja wa shaba katikati, plastiki nyeupe, halafu foili na nyavu. Unabeba mawimbi ya kasi kubwa sana, ndiyo maana picha ya TV inapita humo. Kuna adapta za teknolojia inayoitwa MoCA zinazogeuza data ya intaneti iwe mawimbi ya aina hiyo. Moja unaiweka kwenye ruta, nyingine dukani, waya wa dishi katikati. Toleo la 2.5 linaweza kufika gigabiti 2.5 kwa sekunde. Usihangaike na namba hiyo. Vifurushi vyetu wengi ni megabiti chache tu, kwa hiyo hata toleo la 2.0 linakutosha na chenji inabaki. Adapta haiongezi kasi ya kifurushi, inakufikishia kile ulicholipia.

HAPA NDIPO PESA INAPOPOTEA

Usinunue chochote kabla hujajua huo waya unafanya kazi gani sasa hivi.

Kama bado unaleta picha kutoka kwenye dishi, huwezi kuuchanganya na adapta hizi. Mawimbi ya dishi yanashuka kwenye waya kati ya megahezi 950 na 2150. MoCA inatumia megahezi 1125 mpaka 1675, yaani katikati ya njia ile ile. Zitagombana. Tena king'amuzi kinapandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa cha dishi kupitia waya huo huo, na umeme huo unaweza kuunguza adapta. Waya wa antena ya kawaida hauna ugomvi huo, kwa sababu chaneli zake ziko chini ya megahezi 700. Ila hata huo, kama una busta, busta itazuia intaneti.

Kwa hiyo kwa watu wa dishi kanuni ni moja: waya uwe umestaafu. Haujaungwa kwenye dishi wala kwenye king'amuzi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chomoa ncha zote mbili. Ile inayopanda juu kwenye dishi usiiache imeungwa, maana radi ikipiga inashuka nayo mpaka kwenye kompyuta yako.

2. Pima waya. Ncha ya kwanza gusanisha uzi wa katikati na nyavu, halafu nenda ncha ya pili upime kwa mita ya fundi. Isome karibu na sifuri. Ukiachanisha, isisome kitu. Ikikataa kimojawapo, waya umekatika au umegusana ndani, na umejua kabla hujatoa hata shilingi. Soma pia maandishi juu ya ganda: ukiona RG6, uko vizuri.

3. Funga konekta mpya za kuzungusha. Hakikisha hakuna hata unyuzi mmoja wa nyavu unaogusa uzi wa katikati. Hapo ndipo kazi nyingi zinapokwama.

4. Ondoa vigawanyio njiani. Vile vya antena vya zamani vingi vinaishia megahezi 1000, MoCA inaweza kupita kwa shida au isipite kabisa. Ni bora waya uende moja kwa moja.

5. Nunua adapta mbili, zote zenye kuchomekwa kwenye umeme. Kale kakonekta kadogo kasikotumia umeme, upande mmoja dishi upande mwingine intaneti, kwa kazi hii hakasaidii, hata ukiambiwa "ni kitu kile kile". Kabla hujalipa, omba zijaribiwe palepale mezani kwa kipande kifupi cha waya. Taa zikiwaka na intaneti ikapita, ndipo utoe hela. Zikija kukataa nyumbani, unajua shida ni waya, siyo adapta.

6. Dukani ukitaka waifai, unga ruta ndogo kwenye adapta ya pili, ila uiweke isambaze tu, isigawe anwani zake yenyewe. Usipofanya hivyo unakuwa na mitandao miwili, na kompyuta ya sebuleni haitaiona printa ya dukani.

USALAMA

Ukikaa ghorofa ambalo waya za dishi zinakutana sehemu moja, usiguse mpaka mwenye nyumba akuonyeshe waya wako unaanzia wapi na unaishia wapi. Mwenye adapta kama yako kwenye waya ule ule anaweza kuingia kwenye mtandao wako, na humo ndimo zinamopita nyaraka za wateja na miamala yako. Adapta nyingi zina sehemu ya nenosiri. Liweke siku hiyo hiyo.

Na umeme ukikatika, ruta na adapta zote mbili zinazimika. Kama una betri ya akiba, zihesabu zote tatu, siyo ruta peke yake.

HESABU YA MWISHO

Uliza bei ya adapta mbili, halafu uliza bei ya waya wa kawaida na fundi wa kuupitisha pembeni mwa ukuta au chini ya mlango bila kutoboa. Waya wa kawaida ukipata njia, mara nyingi ndio utakaokuwa nafuu. Ukikosa njia kabisa, waya wa dishi uliostaafu ni mtaji ulio ukutani tayari. Anza na mita ya fundi, dukani uende baadaye.