Insulini: si lazima tena itoke kwa nguruwe

Mgonjwa wa kisukari wa Kilwa Kivinje au Lindi mjini akiambiwa na daktari kuwa sasa lazima achome insulini, humjia maswali mawili. Je, dawa hii ni ya nguruwe? Na nyumbani hakuna jokofu, nitaiweka wapi?

Swali la kwanza lina asili yake. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kwa takriban miaka 60 ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Muislamu aliyekosa nyingine aliitumia kwa dharura.

Mwaka 1978 wataalamu wa California, Marekani, walitengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria E. koli, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa nchini humo. Jeni ya insulini huingizwa ndani ya bakteria, kisha bakteria humwagwa juu ya chakula chenye dawa inayowaua wote wasioipokea. Aliyesalimika hugawanyika kila dakika 20 hivi, mpaka likaonekana doa dogo: ukoo mzima wa bakteria mmoja. Zamani fundi alidonoa doa mojamoja kwa kijiti. Sasa katika maabara kubwa mashine yenye kamera huyatambua madoa na kuyachukua kwa sindano zake, maelfu kwa siku, bila kuchoka. Ukoo uliochaguliwa hukuzwa kwenye matangi, na insulini hutolewa na kusafishwa. Viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria.

Usishtuke kusikia E. koli. Wapo jamaa zake waletao kuharisha tusiponawa mikono kwa sabuni tutokapo chooni, lakini huyu wa maabara ni dhaifu, wala habaki ndani ya dawa.

Ama swali la pili, chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika wiki 4 ikiwa chini ya nyuzi 30. Kwa joto la pwani yetu, itie ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo liwe ndani ya chungu kidogo, nacho kiwe ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Funika kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo.

Muulize mfamasia asili ya insulini yako, na kabla ya Ramadhani mwone daktari kuhusu kufunga. Lakini usiiache sindano kwa sababu ya uvumi. Ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiikosa siku chache tu, anaweza kupoteza maisha.