Kabla ya Saa Kumi Jioni

Mwalimu wa Tabora akitangaza mazoezi ya maigizo saa kumi jioni, wanafunzi wanajua kitakachotokea. Wa kwanza watatokea saa kumi na robo, wakae chini ya mwembe wakipiga soga. Mwenye sehemu kubwa ataingia saa kumi na moja kasoro, aulize, “Mmefika wapi?” Kisha ataomba kuazimwa andiko, maana lake kaliacha bwenini.

Hebu tufanye hesabu. Watu kumi na wawili wakimngoja mmoja kwa dakika ishirini, saa ya ukutani itaonyesha kwamba zimepotea dakika ishirini. Kikundi, hata hivyo, kimepoteza saa nne za watu. Jua linazama, wengine wanakwenda swala ya magharibi, wengine zamu ya jikoni, na onyesho lililopaswa kupitiwa mara tatu limepitiwa mara moja na nusu.

Ajabu ni kwamba mji huu ulikuzwa na watu waliojua kwenda pamoja kwa wakati. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani walifuata kalenda ya shamba: waliondoka kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, na wengi walitaka kuwa nyumbani mvua za kilimo zikianza. Njiani waliamka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akatangulia na bendera, ili kambi ipigwe kabla jua halijakolea. Na walipokaribia mji mkubwa walisimama kwanza. Walifungua vifurushi na kuvaa nguo nzuri walizozitunza kwa siku hiyo, kirangozi akajipamba kwa kilemba cha manyoya na joho jekundu, ndipo wakaingia kwa ngoma, baragumu na milio ya bunduki. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, kwa shamrashamra za namna hiyo Novemba 1857. Huo ulikuwa mchezo kamili wa kuigiza, na hakuna aliyekuja kujifunzia wimbo pale mlangoni. Ulishaimbwa njia nzima.

Turudi shuleni, kwenye tamthilia inayouhusu mji huu kwa namna yake. Juliasi Kaizari ya Shakespeare ilifasiriwa na Julius Nyerere, aliyeingia Shule ya Tabora mwaka 1937 na, baada ya kusoma Makerere, akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria hapa hapa. Tafsiri yake ilitoka kwanza 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena 1969. Katika sehemu ya tatu, onyesho la pili, Brutus, mmoja wa wauaji, anawaeleza raia wa Roma kwa nini Kaizari ameuawa, nao wanamshangilia. Kisha anapanda Mark Antony, rafiki wa Kaizari, na anapomaliza raia wale wale wanakimbilia kuchoma nyumba za wauaji.

Antony ana maneno mengi. Raia wana vipande vifupi tu, na ndiyo maana aliyepewa sehemu ya raia huona hana cha kusoma nyumbani. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, onyesho hili huharibikia. Raia lazima ajue ni neno gani la Antony linalomtia shaka ya kwanza, analia lini, anasogea lini kuitazama nguo ya marehemu iliyotobolewa visu, na kama habari ya wosia wa Kaizari inamgusa moyo au mfuko. Akija na majibu hayo, mwongozaji atashughulikia mienendo na sauti. Asipokuja nayo, Antony atahutubia magogo.

Waigizaji wa zama za Shakespeare wenyewe hawakupewa tamthilia nzima. Kila mmoja alipata karatasi za maneno yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia, akaenda kukariri peke yake. Mazoezi ya pamoja yalikuwa machache, hivyo hayakuchezewa. Mkataba wa mwigizaji Robert Dawes, wa London mwaka 1614, ulimtoza shilingi moja akichelewa mazoezini, mbili akifika yamekwisha, na kumi akiwa amelewa saa ya kuigiza. Simshauri mwalimu yeyote atoze faini, ingawa najua watakaotamani.

Mwongozaji naye ana deni. Anayewaita wote kila siku, kisha akafanya kazi na wawili huku wengine wakikodoa macho, ndiye anayewafundisha kuchelewa. Aandike ni onyesho gani litapitiwa siku gani, awaite wanaohusika tu, na aangalie majira. Katika vijiji vya Urambo na Sikonge, mvua za Novemba zikianza familia nyingi zina kazi ya tumbaku. Kikundi cha kijiji kikipanga mazoezi mazito wakati huo, kisishangae kuona jukwaa tupu.

Lipo pia tatizo la aliyejiandaa kupita kiasi. Huyu kakariri maneno pamoja na mikono, machozi na vituo, na akiambiwa “rudia, sasa kwa upole,” ananuna, maana maneno yameganda na wimbo mmoja. Dawa yake ni kukariri bila kuigiza. Anayecheza Antony ayapitie maneno akifua au akienda dukani, kwa sauti ya kawaida tu, mpaka yatoke bila kutafutwa. Kejeli na hasira aviache kwanza, mpaka awe na raia wake mbele yake.